Kambi ya Rubondo na familia: maswali mnayoniuliza kila likizo ya Juni

Mimi ndo naandaa hii safari ya kambi, na kila likizo ya Juni ikikaribia simu yangu haipoi, maswali ni yaleyale, tunalala wapi, watoto wanaruhusiwa, samaki tunavua kweli au tunaangalia tu. Sasa nimeona niyajibu yote sehemu moja, kwa watu wa Mwanza, wa Dar, na ndugu zetu wanaokuja kutoka nje kipindi cha kiangazi. Soma kwanza afu ndo upige. Ile sehemu ya boti naomba kila mzazi aisome mpaka mwisho.

Rubondo ni wapi hasa, na kwa nini tusiende tu beach hapahapa Mwanza?

Rubondo ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kona ya kusini magharibi, upande wa Geita na Chato. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ukijumlisha maji na visiwa vidogo vinavyokizunguka ni kama kilomita za mraba 457. Kisiwa chenyewe karibu chote ni msitu, yani msitu mnene wa kweli unaoshuka mpaka kwenye maji.

Beach za Mwanza nazipenda, ila huko unapata muziki na chipsi, usiku unarudi kwako kulala. Rubondo unafunga hema, unaamka na sauti ya furukombe, watoto wanaona kiboko na kenge na nzohe, yule swala wa kwenye majimaji, bila kioo cha gari katikati. Na kuna kitu kimoja kinachonifanya niichague hii hifadhi kwa familia kuliko nyingine nyingi: hakuna simba wala chui. Tembo wapo, twiga wapo, viboko na mamba wapo, kwa hiyo akili lazima ikae sawa, ila ile hofu ya simba kupita nje ya hema la watoto haipo.

Tunaenda mwezi gani?

Juni mpaka Septemba, kiangazi. Sisi tunabanwa na ratiba za shule kwa hiyo mara nyingi ni Juni, wale wanaosubiri wageni kutoka Ulaya na Marekani wanaenda Julai au Agosti, zote sawa. Mvua ni kidogo, njia za msituni zinapitika, hema halilowi. Ubaya wake ni upepo, miezi hiyo upepo wa kusini unavuma sana ziwani na mchana mawimbi yanaweza kuwa makubwa, ndo maana ratiba yetu yote ya boti ni asubuhi. Usiku baridi ipo, watu wa Dar wanabisha kila mara, bebeni sweta.

Halafu angalieni na mwezi angani, hii wengi hawaijui. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo ukipanga safari kipindi cha giza unapata dagaa wabichi asubuhi mwaloni, yani pale wavuvi wanaposhushia samaki, na usiku ukikaa ufukweni unaziona taa za wavuvi kwa mbali zimejipanga kwenye maji. Watoto wanaweza kukaa wanazihesabu mpaka wanasinzia.

Tunafikaje?

Kutoka Mwanza kwa gari: Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, halafu uelekeo wa Chato mpaka Muganza. Zamani Kigongo ndo palikuwa panamaliza siku, foleni ya kivuko, jua, watoto wanalia. Sasa kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, unapita dakika chache na maisha yanaendelea. Kwa kweli safari ya familia imebadilika kabisa kwa sababu ya hilo daraja.

Karibu na Muganza kuna bandari ndogo inaitwa Kasenda, hapo ndo tunapanda boti, kama nusu saa hivi unakuwa umefika kisiwani, halafu kuna kipande kifupi cha gari mpaka Kageye, makao makuu ya hifadhi. Njia nyingine ni kupitia Nkome upande wa Geita, ila kule boti ni kama masaa mawili na kwa watoto wadogo na wazee mimi sipendekezi. Kuna uwanja mdogo wa ndege pia kisiwani, mwenye uwezo wake apande ndege tutamkuta.

Boti ni salama? Mimi maji nayaogopa.

Kuogopa sio kosa. Hili ziwa ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na watu wa Kanda ya Ziwa tuna majina ya ndugu na jirani tuliowapoteza humo. Meli ya MV Bukoba ilizama 1996. Kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, kimepinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu zaidi ya 200 wamekufa huku nchi kavu inaonekana. Kwa hiyo kwenye hili sina utani na sitakuwa na utani hata na mjomba wangu mwenyewe.

Taratibu ni hizi. Kila mtu anavaa laifu jaketi kabla mguu haujaingia kwenye boti, na anaivua akiwa ameshasimama nchi kavu. Kuvaa maana yake mikanda yote imefungwa, sio kuitupia begani. Mtoto anavaa ya mtoto. Laifu jaketi ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne ni hatari, akidumbukia inapanda juu peke yake na yeye anachomoka chini, jaribu hivi: mvalishe, funga mikanda yote vizuri, afu ishike mabegani uinyanyue juu. Ikipita masikio yake, hiyo sio yake, tafuta ndogo. Ndo maana nawaomba kilo za watoto mapema, siwasumbui bure.

Boti tunapanda asubuhi. Nahodha akisema leo hapana, basi ni hapana, tunalala Muganza na hakuna atakayemshawishi kwa hela wala kwa maneno. Na boti haizidishi watu, hata kama anayebaki ni mmoja tu na ni bwana harusi.

Bei ikoje?

Kuna kiingilio cha hifadhi ambacho kinahesabiwa kwa masaa 24, kuna hela ya kupiga kambi kwa kila usiku, kuna boti, na kuna kibali cha kuvua ambacho ni cha anayevua tu. Bei zinabadilika kwa hiyo sitaki kuandika namba hapa afu mtu aje anishike nayo mwakani, nitawatumia zikiwa mpya. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, wakubwa kidogo wanalipa pungufu.

Malipo hayapokelewi cash getini, unapewa control number unalipa kwa simu au benki. Fanyeni mkiwa bado Mwanza au Geita ambako mtandao uko vizuri.

Binamu yangu amezaliwa Bukoba ila ana pasipoti ya Kanada, analipa kama sisi?

Hapana, wanaangalia uraia, sio alikozaliwa wala kabila. Mtanzania aje na kitambulisho cha NIDA, raia wa nchi nyingine za Afrika Mashariki waje na vitambulisho vyao, mwenye pasipoti ya nje analipa bei ya wageni na ni kubwa kuliko yetu mara nyingi tu. Mwambieni mapema asije akajisikia vibaya getini mbele ya watoto wake.

Nibebe nini?

Hema lenye kava ya mvua hata kama ni kiangazi, kuna umande mzito. Godoro la kukunja au mkeka mzito, blanketi, tochi ya kichwani kila mtu na yake, viatu vya kufunika vidole, nguo za mikono mirefu kwa ajili ya jioni, kofia, pawabenki, dawa zako unazotumia kila siku. Dawa ya kupaka ya mbu na chandarua, Kanda ya Ziwa malaria ipo na haichagui mgeni wala mwenyeji. Wanaotoka nje wamuulize daktari wao kuhusu dawa za kinga kabla hawajasafiri.

Mifuko ya plastiki msije nayo, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, bebeni vikapu na mifuko ya kitambaa. Jiko tunatumia la gesi, mtungi mdogo, kuni za msituni hatugusi. Takataka zetu zote tunarudi nazo bara, hata maganda ya ndizi.

Samaki gani wapo, na tunavua kweli?

Tunavua kweli. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa safari yenyewe.

Mkubwa wa ziwa ni sangara. Huyu sio mwenyeji, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akala furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, mpaka aina nyingi sana zikapotea, na wakati huohuo akajenga viwanda na kulisha maelfu ya watu, yani historia yake ina pande mbili na watoto wakubwa wanafaa kuambiwa zote. Sangara anaweza kuzidi kilo 100. Sisi tunaowapata ni wadogo zaidi ya hapo kwa mbali, ila hata wa kilo 10 ukimnasa kwenye mshipi utajua kwamba upande wa pili kuna mtu. Wengine ni sato, kambale, kamongo, ningu, furu waliobaki, na gogogo ambaye ana miba kwenye mapezi kwa hiyo usimshike ovyo.

Sangara tunamtafuta kwa boti, inaenda polepole na samaki bandia anavutwa nyuma, karibu na miamba na sehemu ambazo kina kinashuka ghafla. Kuna kipindi kirefu hakuna kinachotokea, watu wanapiga stori, halafu fimbo ya kuvulia inakunjika na kelele zinaanza. Akija juu anaruka, anatikisa kichwa, mdomo wazi, na hapo ndo wengi wanampoteza kwa sababu wanalegeza mshipi, wewe shikilia ukiwa umekaza ila usivute kwa pupa. Akiwa pembeni ya boti muangalie jicho, lina duara la njano kali linawaka. Usitie vidole kwenye mashavu yake, mfuniko wa mashavu una makali, unakatika vibaya, mwachie mwenye glovu.

Sato ni kazi ya wenye subira. Ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chambo ni mnyoo au tonge dogo la ugali uliokandwa ukawa mgumu. Bibi yetu mmoja kwenye msafara huwa anawashinda vijana wote wenye fimbo za gharama, anatumia mshipi wa mkononi tu, ameuzungusha kwenye kidole cha shahada na kuugusa kwa kidole gumba, na anajua sato akinusa na akila. Watoto wakae karibu naye, watajifunza zaidi kuliko kwangu.

Tukivua tunakula?

Tunaovua ndani ya hifadhi tunawarudisha majini. Maji ya Rubondo uvuvi wa biashara hauruhusiwi, samaki wanazaliana pale kwa amani, wanakua, halafu wanatoka kwenda kuvuliwa na watu wa Muganza, wa Nkome, wa visiwa vingine. Yani ukimwachia sangara mama mwenye mayai pale, unamlipa mvuvi ambaye hujawahi kumuona. Naliamini hili kwa moyo wote na nataka watoto wetu waondoke nalo. Na tusisahau, nje ya hifadhi pia sheria ya uvuvi hairuhusu sangara chini ya sentimita 50, ukimuona mtu anauza vile vidogo sokoni usinunue.

Kumrudisha kuna namna yake. Lowesha mikono kwanza, usimlaze kwenye sakafu kavu ya boti, picha moja au mbili za haraka, mshike kwa mikono miwili kichwa kikiangalia mbele ndani ya maji mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe, hapo unaachia. Anayetaka kupiga picha ishirini akapige picha za ukutani.

Wa kula tunanunua mwaloni asubuhi kabla ya kuvuka. Sato wanachemshwa na nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili nzima isiyopasuliwa, ugali wa dona pembeni, mwenye kupenda wa muhogo abebe unga wake. Sangara tunamchoma minofu. Dagaa wabichi wakipatikana wanakaangwa vilevile wakavu wakavu, na hao ndo wanaisha kwanza. Mkiona mwaloni watu wanatoa kifuko cheupe tumboni mwa sangara na kukiweka pembeni kwa uangalifu, hayo ni mabondo, yanauzwa bei kuliko nyama yenyewe, yanasafirishwa mpaka China.

Watoto wanaweza kuogelea?

Hapana. Mamba wapo na viboko wapo, na kwenye maji ya pembeni yenye majani kuna konokono wa kichocho. Hata kusimama maji ya magoti kuosha vyombo hapana, maji tunachota na kuosha kambini. Aliyelowa kwa bahati mbaya ajifute haraka kwa taulo kavu, na akirudi nyumbani apime kichocho baada ya kama miezi miwili, ukipima mapema sana huenda kisionekane. Tiba yake ipo na ni rahisi, tatizo ni watu kukaa nacho miaka bila kujua. Wageni wa nje wamwambie daktari wao wazi kwamba walikuwa Ziwa Victoria, kule wengi hawakifikirii.

Usiku je? Kiboko anakuja kwenye mahema?

Kiboko anatoka majini usiku kula majani, na ana njia zake. Mahema tunafunga pale tu tutakapoonyeshwa na askari wa hifadhi, sio pale penye upepo mzuri wa ziwa. Usiku hatutembei ovyo, anayetaka kwenda choo anaamsha mwenzake, tochi inamulika mbele na pembeni kabla ya kupiga hatua. Ukimsikia anakata majani nje, na utamsikia, ni sauti ya kung'oa kwa nguvu na kupumua kwa uzito, tulia ndani, zima muziki, mwambie mtoto ni ng'ombe wa majini anakula chakula chake cha usiku, ataondoka. Usijiweke kati yake na maji.

Chakula hakilali ndani ya hema. Tumbili mchana, kanu (mnyama mdogo kama paka) usiku, na kenge wananusa utumbo wa samaki kutoka mbali.

Mbali na samaki kuna nini cha kufanya? Mume wangu hapendi kuvua.

Kuna kutembea msituni na muongozaji, kuna ndege wengi sana, kuna kukaa tu. Na kuna sokwe, ambao stori yao naipenda mno. Kati ya 1966 na 1969 walifunguliwa hapa sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, ni kazi iliyoongozwa na Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Sokwe waliozoea nondo na kulishwa na binadamu, wameachiwa msituni, wakajifunza wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota vya kulala juu ya miti. Waliopo leo ni watoto na wajukuu zao na ni sokwe wa porini kabisa. Kuwafuatilia kunataka miguu na subira, hakuna guarantee ya kuwaona, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Mwenye mafua abaki kambini, wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi na wao hawana hospitali.

Bajeti yangu haifiki huko, nifanyeje?

Njoo na sisi siku ya Saanane. Ni kisiwa kidogo palepale Mwanza mjini, hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni dakika chache kutoka Capri Point, unaenda asubuhi na chakula chako unarudi jioni. Watoto wanaona wanyama, nyie mnakaa kwenye mawe makubwa mnaangalia ziwa, gharama ni ndogo. Usikope hela kwa ajili ya kambi.

Mtandao unashika?

Usiutegemee. Waambie kazini haupo.

Bia?

Watu wazima, kiasi, jioni, baada ya boti zote kufungwa. Asubuhi ya kuvua hakuna, na aliyelewa hapandi boti.

Bibi ana miaka zaidi ya 70, aje?

Aje, tena sana. Tunamchukulia chumba kwenye nyumba za wageni za hifadhi pale Kageye badala ya hema, ila lazima nijue mapema kwa sababu vyumba ni vichache na Julai vinajaa. Kwenye boti anakaa nyuma karibu na nahodha ambako hakurushi sana. Abebe kadi yake ya kliniki na dawa za kutosha na siku mbili za ziada, upepo ukikataa tunaweza kuchelewa kurudi.

Nikishaamua, nakutumia nini?

Majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, uraia wa kila mmoja, umri na kilo za kila mtoto, nani anavua na nani havui, nani analala chumbani, na ugonjwa wowote ambao tunapaswa kuujua tukiwa mbali na hospitali. Kilo za mtoto pimeni kweli kwenye mizani, msikadirie. Orodha ikijaa boti ndo imejaa, wanaofuata nawaweka kwenye safari ya Agosti.